Banda la Paka Nyuma ya Jiko

Kitu cha kwanza nilichofanya siku nilipoanza kazi yangu mwenyewe, bila fundi wa kunisimamia, ni kumjengea paka banda kwa wavu wa dagaa. Kama hamkuelewa, someni tena. Wavu wa dagaa. Wavu uliokaa ziwani miaka, ukaja kulala mchangani hapa Mugango miaka mingine, ukanyonya maji ya samaki mpaka ukanuka samaki kuliko samaki mwenyewe. Nikauzungushia miti minne, nikamtumbukiza paka ndani, nikaenda kunywa uji nikijisifu. Niliporudi, paka wetu alikuwa anautafuna kwa ndani, na paka wa kitongoji kizima wanautafuna kwa nje. Walikutana katikati.

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, hasa ninyi mnaopenda kuiba nyundo za baba zenu, nawaandikia kama mzee wa kazi. Nimestaafu. Chekeni tu. Ni kweli nipo kidato cha tatu, na ndevu ninazozisubiri hazijatuma hata salamu. Lakini likizo zangu zote tangu nimalize darasa la saba zimeishia kwenye kuta za watu, Bunda, Butiama, na huku kwetu ziwani. Nimepiga lipu, nimebadilisha mbao za paa zilizooza, nimening'iniza mifereji ya mvua, nimejenga mabanda ya paka. Juzi Fundi Majura, aliyenifundisha kazi, akanipigia simu.

"Dogo, kuna nyumba Bunda. Mvua imekula ukuta wa mbele wote. Njoo Jumamosi."

"Shikamoo fundi. Mimi nimestaafu."

"Marahaba. Umestaafu? Kwani ulianza lini?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko letu naangalia ukuta, na ukuta wenyewe ndio ulionistaafisha.

Ngoja niwaambie kwanza yanayowafaa, ya ukuta yatakuja.

Ukuta wa nje hauangaliwi, unagongwa. Fundi Majura alikuwaga anagonga kwa kiungo cha kidole, taratibu, kama mtu aliyefika kwa wakwe, halafu anaweka sikio. Ukilia tii, lipu bado imeshika. Ukilia bwaa, lipu imeshaachia, inasubiri tu siku ya kukudondokea. Mwenye nyumba atakuja na rangi yake mpya akuambie paka hapa. Usipake. Utakuwa unampaka poda maiti. Bomoa kile kilichoachia, piga brashi vumbi lote litoke, mwagia maji ukuta unywe mpaka ushibe, ndipo uweke lipu yako. Ukuta wenye kiu utanyonya maji ya saruji, na saruji iliyonyonywa maji haikomai, inabaki unga. Na usipige lipu jua la saa sita. Mimi niliwahi kupiga saa sita pale Bunda kwa sababu nilitaka kuwahi mpira. Kesho yake ukuta ulikuwa na nyufa kama kisigino cha bibi, na fundi alinifanya niubandue wote kwa patasi huku yeye amekaa kwenye ndoo anakula miwa.

Sasa kubwa kuliko yote. Saruji na udongo havikai pamoja. Fundi Majura aliniambia hili mwenyewe, na alilijua kwa aibu. Zamani, kabla sijamfahamu, bwana mmoja wa Bunda alikuwa anaozesha binti yake, na nyumba yake ilikuwa ya tofali mbichi, imesiribwa udongo. Akataka ionekane ya kisasa kwenye picha. Fundi akaipiga lipu ya saruji juu ya ule udongo. Ikang'aa. Mvua ikanyesha siku mbili kabla ya harusi. Maji yakapanda kutoka chini, yakaingia kwenye udongo, udongo ukalainika, na saruji imekaa juu yake ngumu kama bati. Siku ya harusi, wageni wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, saruji ikashuka ubavu mzima kwa mara moja, juu ya masinia ya pilau.

"Watu waliumia?" nilimuuliza.

"Waliumia njaa," akasema. "Udongo unapumua, dogo. Ukiufunika na saruji unakufa humo ndani, na wewe kwa nje unaona nyumba nzuri."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilicheka sana, ndiyo maana sikusikia.

Mabanda ya paka nayo yalianzia Butiama. Kulikuwa na nesi mstaafu, mstaafu wa kweli, siyo kama mimi. Alikuwa na paka wengi na majirani zake walikuwa na vifaranga wengi, hesabu zikawa hazikubaliani. Akamwita Fundi Majura amjengee paka wake uwanja wa kutembea nje, uliofungwa pande zote. Fundi alishangaa kidogo, maana kwetu paka anajiendeshea maisha yake mwenyewe. Lakini yule mama alikuwa anaongea kwa sauti ya wodini, na mbele ya sauti ile mtu unajikuta unakunja shati kusubiri sindano. Tukajenga.

Hapo nilijifunza kwamba pale kinapopita kichwa cha paka, mwili wote unafuata, kwa hiyo waya wa kuku wenye matundu makubwa ni mapambo tu. Waya uzikwe chini, udongoni, kwa sababu paka akichoka kupanda anachimba. Juu paezekwe waya vilevile. Weka ubao wa kulalia juu kabisa, kwa sababu paka asipomwangalia mtu kutoka juu anajiona ameshushwa cheo. Mlango ufungukie ndani. Na kitu cha mwisho fundi alikisema huku anapiga nguzo ya kwanza:

"Banda lisimame kwa miguu yake lenyewe. Usiliegemeze kwenye nyumba ya mtu. Paka anaruka, banda linatikisika, ukuta unalipa."

Nililisikia na hilo. Mnaona nilivyokuwa mwanafunzi bora.

Sasa ya nyumbani.

Nilikuwa na dada. Anaitwa Nyanjura. Mwalimu wa Kiswahili akisoma hapa ataniwekea alama nyekundu, aandike "aliitwa". Aweke tu. Nyanjura alikuwa mkubwa wangu, na mikono yake ilikuwa haitulii. Kiangazi cha mwisho alisiriba ukuta wa nyuma wa jiko letu, jiko lile la tofali mbichi lililo peke yake uani. Kwetu kusiriba ni kazi ya wanawake: unachanganya udongo mwekundu, mavi ya ng'ombe na majivu, unapaka kwa viganja, na kabla haujakauka unapitisha vidole, unachora. Kila mwanamke ana mchoro wake. Nyanjura alichora magamba ya sato, nusu duara juu ya nusu duara, kutoka chini mpaka alipofika mkono wake. Kidole chake kidogo kilivunjika kwenye netiboli na hakikukunjika tena, kwa hiyo kila gamba lilikuwa na mistari mitatu iliyozama, na wa nne unagusa kidogo, unaruka, unagusa tena. Mimi nilimwambia ukuta wake unafanana na samaki aliyeparuliwa na mlevi. Akanirushia tope, likanipata sikioni.

Mvua za vuli zilipoanza akaumwa. Tulimpeleka Musoma. Alirudi kwenye gari la kukodi, amefunikwa. Baba alikuja kutoka Buhemba, kwenye machimbo anakofanyia kazi, akamzika, akakaa mpaka matanga yakaisha, akarudi machimboni. Ndugu wakaondoka na sufuria zao. Tukabaki mama, mimi, na paka wa Nyanjura.

Paka huyo anaitwa Diwani. Nyanjura alimpa jina hilo kwa sababu anatembelea kila kaya wakati wa kula na hajawahi kuiletea kaya yoyote kitu.

Mama alinyamaza. Sisemi alilia, kulia tuliliaga wote. Alinyamaza mpaka ukimsalimia unajisikia kama umevunja sahani. Halafu watu wakamwongezea. Maisha yake yote ya umama aliitwa Mama Nyanjura, na baada ya msiba watu, kwa huruma yao, wakaanza kumwita Mama Mafuru, kwa jina langu, ili wasiguse kidonda. Siku moja jirani yetu Mama Bwire, anayeanika dagaa upande wa pili wa ua wetu wa minyaa, akaja mlangoni. Mama alikuwa anachagua mchele.

"Hodi! Mama Mafuru, upo?"

Mama akaendelea kuchagua mchele.

"Mama Mafuru!"

Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

"Mama Nyanjura," akasema Mama Bwire, safari hii polepole.

"Karibu," mama akajibu, kama vile ndiyo kwanza amesikia mtu.

Mama Bwire akakaa. Alikuwa na shida, na alikuwa ameibeba muda mrefu. "Huyo paka wenu analalaga kwenye dagaa zangu kama amezinunua. Anakula, anaviringika, anaondoka. Nimevumilia kwa sababu ya msiba. Nisikufiche, nitaweka dawa ya panya."

Mama akainua punje moja ya mchele, akaiangalia kwenye mwanga, akasema, "Weka."

Neno moja. Wadogo zangu, lile neno nililisoma vibaya, na kila kibaya kilichofuata kilitoka hapo. Nilidhani mama amekata tamaa. Nilidhani amefika mahali hata paka wa marehemu akiuawa hana nguvu ya kugombana. Maana kila jioni, bila kukosa, mama alichukua kigoda akaenda nyuma ya jiko, na Diwani alikuwa analala palepale chini ya ukuta, kwenye joto lililobaki la jua. Mama anakaa, paka amelala, giza linaingia. Mimi nilikuwa nawaona kwa mbali, kutoka bombani, na nikasema moyoni: huyu paka ndiye kitu pekee alichobakiza. Akifa huyu, mama hatanyamaza tu, ataondoka na yeye.

Basi nikaamua Diwani hafi.

Wavu wa dagaa mmeshausikia. Ulipomalizika kuliwa, nikatafuta waya wa kuku uliobaki kwenye banda letu la kuku tulilolivunja zamani, wenye matundu madogo kama wa Butiama, na mbao. Nikawa na pande tatu nzuri, zimenyooka, fundi mwenyewe angekohoa kwa wivu. Upande wa nne waya ukaisha. Nikauangalia ukuta wa jiko. Ukuta ulikuwa palepale, bure, na ndipo paka alipopenda kulala, na ndipo mama alipokaa. Nikachukua misumari ya inchi sita.

Mama alipita na ndoo kichwani. "Hapo hapo?"

"Hapo hapo, mama. Ili uwe unamuona."

Alisimama. Maji yakamwagika kidogo begani. Akaondoka.

Msumari wa kwanza uliingia vizuri. Wa pili ukapasua gamba. Wa tatu ukaangusha kipande cha udongo kama kiganja. Nikajiambia nitaziba baadaye. Banda likasimama, Diwani akaingia, akapanda kwenye ubao wake wa juu, akatuangalia kama anayesubiri tumpigie makofi. Na kila aliporuka kutoka ubaoni kushuka chini, banda likatikisika, na kila likitikisika nyufa zikasogea. Zilianzia kwenye misumari zikatembea kama mizizi. Wiki haikuisha, ukuta ulikuwa unatoa vumbi.

Nikaugonga. Bwaa. Nikagonga pembeni. Bwaa.

Mama alikuwa amekwenda Murangi kwa dada yake, kulala huko siku kadhaa. Nikaona hii ndiyo nafasi. Kulikuwa na saruji iliyobaki tangu baba alipotengeneza ngazi za nyumba kubwa. Mchanga nikachota ziwani, laini, umejaa vipande vya konokono, mchanga ambao Fundi Majura asingeuweka hata chini ya kuku anayeatamia. Ule udongo ulioachia sikuubomoa, kwa haraka. Ukuta sikuunywesha, kwa uvivu. Nikaanza kupaka. Magamba ya Nyanjura yalikuwa na mifereji, na saruji ikaingia kwenye mifereji vizuri sana, nikawa nafurahi jinsi inavyoshika. Nilipiga mluzi. Nikalainisha kwa ubao mpaka ukuta ukawa wa kijivu, bapa, umenyooka kama ukuta wa ofisi ya kata.

Mama alirudi jioni na kikapu. Nikampeleka nyuma kwa mbwembwe, nikamwambia afumbe macho. Hakufumba. Alifika kwenye kona, akasimama. Akakiweka kikapu chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Sasa hata mvua ije."

"Haya."

Akaingia ndani. Siku ile hakutoka na kigoda. Kesho yake hakutoka. Nikadhani amemchukia paka kwa sababu amefungwa, anaonekana kama mfungwa. Nikamtoa Diwani, nikampeleka mpaka mapajani kwa mama. Akamshusha, kwa upole, kama unavyoshusha mzigo wa mtu mwingine. Nikadhani amechoka na safari. Nilidhani vitu vingi wakati ule, wadogo zangu. Kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi kuliko macho.

Kigoda kilibaki jikoni, na juu yake tukaanza kuweka sufuria.

Masika yakaja na hasira. Mvua ya ziwani haianguki, inatupwa, na ilitupwa upande wa nyuma wa jiko siku tatu. Nilikuwa nyumbani, Jumamosi, naosha vyombo. Nikasikia kitu kinaguna. Halafu kishindo kimoja kizito, kama ng'ombe amelala chini ghafla. Nilikimbia. Saruji yote ilikuwa imeshuka, kutoka juu mpaka chini, imeng'oka na banda na misumari yake, na udongo wote wa Nyanjura umeshuka nayo. Ukuta ulibaki tofali tupu, zinachuruzika maji mekundu. Diwani alikuwa ameshachomoka, yuko juu ya paa, mkavu, anajilamba. Hakupata hata mkwaruzo. Nilimwokoa paka, nadhani hilo mnaweza kuniandikia kwenye cheti.

Mama Bwire alikuja mbio na kanga imemfunika kichwa, akidhani nyumba imetuangukia. Alipoona tuko wazima akashukuru Mungu. Halafu akauona ukuta. Akashika mdomo.

"Mafuru, mwanangu. Umefanya nini?"

"Banda limeanguka tu, mama. Paka ni mzima."

"Paka?" Aliniangalia kama ninaongea Kichina. "Nani anazungumza habari ya paka? Mimi namuonaga mama yako kutoka kule kwenye nyavu zangu. Kila jioni, wewe ukiwa bombani. Anaweka vidole vyake kwenye ile michoro ya dada yako. Anafuata mmoja, anarudi, anafuata mwingine. Kile kidole kilichokuwa kinaruka, na yeye anakirusha." Akageuka asinionyeshe uso. "Mimi nilisema nitamwekea paka dawa, akaniambia weka. Ungekuwa ni paka anaompenda, angeniambia weka?"

Mvua iliendelea. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba kubwa, anatuona. Hakuja.

Sitawaeleza nilivyojisikia, mna akili, jazieni. Nitawaeleza nilichofanya, maana mimi nikishindwa kufikiri nafanya kazi, ndiyo ugonjwa wangu. Kesho yake mvua ilipokata nilichukua nyundo nikaanza kuvunja ile saruji iliyoanguka. Kwenye njia ya kuingilia kwetu kuna shimo, nikasema bora ikaliziba, isionekane tena hapo uani. Nilivunja nusu nzima. Nilibeba, nikamwaga shimoni, nikashindilia kwa miguu, nikarudi. Nilivunja kwa hasira. Ngumu kweli ilikuwa, kazi nzuri, kama ingekuwa kwenye ukuta unaoistahili.

Kipande kimoja kilikuwa kimelala chali, ukubwa wa sinia. Mvua ya usiku ilikuwa imekinyeshea ule upande wa ndani, ule uliokuwa umelala kwenye udongo, na udongo wote umesafishwa. Niliinua nyundo. Halafu nikaishusha chini, polepole sana.

Kwenye saruji kulikuwa na matuta. Matuta membamba, yamepinda nusu duara, juu yake nusu duara nyingine. Matatu marefu, na la nne linaonekana, linapotea, linaonekana. Saruji yangu iliingia kwenye mifereji ya vidole vyake ikakomaa humo. Alipopitisha kidole pakazama, na hapa pamenyanyuka. Nilikuwa nimemnakili bila kujua, kwa kinyume, na nusu ya nakala nimeshaishindilia shimoni na miguu yangu miwili.

Nilikimbia shimoni. Nilifukua. Vipande vimeshakuwa changarawe. Nikarudi kwenye kile kipande nikakaa nacho.

Nikampigia Fundi Majura, nikamweleza yote, hata mchanga wa ziwani, nikamuuliza kama alama zile zinaweza kurudi ukutani.

"Pilau yangu ilikuwa nafuu," akasema. Halafu akasema, "Ulishawahi kufyatua tofali?"

"Ndiyo."

"Kalibu ya tofali unaifanyaje ising'ang'anie udongo?"

"Unailowesha. Unanyunyizia mchanga mkavu."

"Sasa unaniuliza nini?" Akakata.

Nilikusanya ule udongo wa Nyanjura ulioanguka, nikautoa vipande vya konokono kimoja kimoja. Nikauloweka kwenye karai, nikaongeza mavi ya ng'ombe na majivu, nikakanyaga. Watoto wa jirani walipita wakaniona nasiriba jiko, wakashangilia: "Mafuru ameolewa!" Niliwaambia waje kwenye sherehe na zawadi. Nilipaka ukuta wote kwa viganja, vibaya, mimi sina viganja vya kazi ile. Katikati, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kigoda, nikapaka unene zaidi.

Mchanga haukufaa, ungekwangua mistari. Nikachukua majivu ya jikoni, yale meupe laini, nikayapuliza juu ya kile kipande kilicholowa maji kidogo. Nikakiinua kwa mikono miwili, nikakibandika ukutani, nikakisukuma kwa kifua. Nikakivuta. Kikatoka na udongo wote, ukutani pakabaki shimo. Nikaosha, nikapaka tena, nikapuliza majivu mengi zaidi. Safari hii nikasubiri udongo ukaze kidogo, kama fundi anavyosubiri lipu kabla ya kuilainisha, mpaka kidole kiache alama bila kuchafuka. Nikasukuma. Nikahesabu pumzi zangu. Nikakivuta taratibu kuanzia chini.

Kilitoka chenyewe.

Sikumsikia mama anakuja. Nilipogeuka alikuwa nyuma yangu, kigoda mkononi, sufuria ameziondoa. Aliweka kigoda chini. Hakukaa. Alisogea akainama, ameangalia mistari mitatu, na ule wa nne unaogusa na kuruka. Magamba yenyewe yalikuwa machache, eneo la sinia tu, na kuzunguka pembeni ni viganja vyangu tu, matope ya mtu asiyejua. Alinyanyua mkono, vidole vikasimama karibu kabisa na ukuta bila kugusa, kwa sababu udongo ulikuwa bado mbichi. Nilisubiri. Diwani alishuka kutoka paani, akaja akalala palepale chini ya ukuta, kama vile yeye ndiye aliyejenga.

Mama akarudi nyuma, akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono mapajani. Akasema:

"Ndiye. Haya sogea, unanizibia."